Mstari wa Sifuri

Yule mwalimu wa kompyuta sikumpenda tangu siku ya kwanza, na hadi leo sijaona sababu ya kujilazimisha. Alitoka Dar es Salaam na shati lake jeupe na dharau yake. Chuo chenyewe kilikuwa chumba kimoja karibu na stendi ya Bariadi, kompyuta moja, wanafunzi tisa. Alituambia, "Nyie Wasukuma mnajua ng'ombe. Hapa mtajifunza kufikiri." Tukacheka, wajinga sisi.

Miaka ile biashara ya pamba ilikuwa imeachwa huria. Zamani bwana shamba wa ushirika alikuja mwenyewe, akapasua matumba kwa kucha, akaona funza, akaagiza dawa. Sasa yakaja makampuni. Kampuni iliyonunua pamba ya kijiji chetu, Mwamapalala, ikaamua dawa itoke kwa hesabu: shamba ligawanywe vipande saba kwa saba, katika kila kipande wahesabiwe funza, kompyuta itoe wastani. Ukifika kumi unapewa dawa. Usipofika, shauri yako. Kazi hiyo wakakipa chuo chetu, na mwalimu akaigeuza somo.

Aliliita arei ya pande mbili. Ni jedwali tu: mistari na safu, na kila kisanduku kinajulikana kwa namba ya mstari wake na ya safu yake. Nilielewa upesi, kwa kuwa nilikuwa nimeshaliona uani kwetu. Baba hakusoma. Wiki moja kabla ya somo lile tulihesabu funza pamoja shambani mwake, na kwa kila funza alitia kokoto moja kwenye kibuyu, maana hakupenda kutamka hesabu ya kitu chake. Tuliporudi akachimba vishimo arobaini na tisa, mistari saba yenye vishimo saba, kama anaandaa isolo, bao letu. Akagawa kokoto moja moja, akizunguka, mpaka kibuyu kikaisha. Kila shimo likapata kumi na mbili.

"Basi dawa inakuja, ng'wana wane, mwanangu," akaniambia, akaenda kuosha bomba lake la kupulizia.

Chuoni mwalimu aliandika programu ubaoni, mimi nikakalishwa kuichapa kwa kuwa vidole vyangu vilikuwa vyepesi. Namba za shamba tuliziingiza kuanzia mstari wa kwanza hadi wa saba. Lakini kwenye kujumlisha akaanzia sifuri, kwa sababu kitabu chake kilisema kompyuta huanzia sifuri. Mashine ikawa na mistari minane na safu nane. Visanduku kumi na tano havikuwa na kitu, na vyote vikahesabiwa kuwa shamba.

La kwanza kuingizwa lilikuwa la baba. Jumla ya funza ilikuwa ileile, mia tano themanini na nane, ila badala ya kugawanywa kwa arobaini na tisa ikagawanywa kwa sitini na nne. Ikatoka tisa na ushee. Juu yake akaweka INT, amri inayokata desimali. Ikabaki tisa kavu.

"Mwalimu," nikasema, "mstari wa sifuri hauna kitu. Tumeuhesabu bure."

"Kompyuta haikosei. Anayekosea ni mtu."

"Ndiyo, mwalimu, ila aliyeandika..."

"Wewe unataka cheti au hutaki?"

Nilitaka cheti. Nilikitaka kuliko kitu chochote. Kusahihisha kulikuwa kufuta sifuri mbili na kuandika namba moja mahali pa kila sifuri. Mwalimu alishanipa mgongo, anafuta ubao, na vidole vyangu vilikuwa palepale juu ya vibonye. Nikaamuru printa ichape.

Karatasi ya baba niliipeleka mwenyewe. Nikapiga goti, nikamwamkia, "Mwangaluka, baba," nikamsomea. Akauliza tisa imetoka wapi. Vishimo vyake vilikuwa bado vipo uani, basi nikachora kwa kidole mstari mmoja juu yake na safu moja pembeni, visanduku vitupu, nikamweleza kwamba hata hivyo vimehesabiwa.

"Hapo ni njia ya ng'ombe," akasema. "Hapalimwi. Huyo mwalimu wenu amehesabu njia."

"Ndiyo, baba."

"Wewe umelijua hili kabla karatasi haijatoka, au baada?"

Ningeweza kudanganya. "Kabla," nikasema.

Hakunifokea. Afadhali angenifokea. Alifukia vishimo kwa mguu, kimoja kimoja, kisha akaingia ndani. Afisa wa kampuni hakutaka kusikia habari ya kokoto. Kwake karatasi ilisema tisa. Msimu ule funza walikula pamba ya baba mpaka yakabaki maganda meusi, na si yake tu, ila majirani hawakujua wa kumlaumu.

Mwalimu alirudi kwao na shati lake, na popote alipo simtakii heri. Cheti nilikipata. Ila tangu siku ile, barua ikija nyumbani, baba aliichukua, akavuka ua, akaenda kusomewa na jirani, nami nimekaa palepale mlangoni. Alifanya hivyo mpaka alipofariki.