Dakika Tano za Pampu

Dereva huyu wenzake walimwita Taratibu, na jina lake halisi walilijua mkewe na karani wa mishahara, basi. Aliendesha teksi miaka kumi na tisa. Hakuwa mtu wa maneno, na tangu wamzike binti yao mwaka juzi hata yale machache yalimkauka. Nyumbani yeye na mkewe walipishana kama wapangaji. Hawakugombana, hawakuwa na la kugombania.

Kampuni ikamkabidhi magari mawili ayajaribu kwa zamu, moja la betri, jingine la haidrojeni. Baada ya miezi mitatu angesema lipi linunuliwe. Kituo cha haidrojeni kilikuwa kimoja tu mjini, kisingeweza kuendelea kama kampuni haitanunua teksi za haidrojeni, na aliyeshika pampu pale ni mkewe.

La betri lilikaa kwenye chaja dakika arobaini. La haidrojeni lilijaa kwa dakika tano, na katika dakika tano hizo mkewe, na glavu zake na miwani ya kazi, alimtania.

"Leo unajaza, mzee, au umekuja kupunga upepo?"

Naye alijibu, tena kwa kucheka. Kwa nini pale waliweza na nyumbani wakashindwa, msiniulize mimi. Wao wenyewe hawakujua.

Meneja alipomwita, Taratibu alisema kweli.

"Haidrojeni inatengenezwa kwa umeme, inashindiliwa kwenye tangi, halafu gari linaigeuza tena umeme. Zaidi ya nusu ya umeme huo inapotelea njiani. Betri inaupokea umeme moja kwa moja. Kwa safari zetu za mjini, chukua betri."

"Na shemeji je?"

"Anajua," akasema, ingawa alikuwa hajamwambia.

Alimwambia jioni ile. Mkewe aliendelea kukunja nguo.

"Ningeulizwa mimi ningesema hivyohivyo," akasema.

Taratibu alingoja kuumia, asiumie. Hilo ndilo lililomtisha kidogo.

Kituo kilifungwa mwezi uliofuata. Siku hiyo walikaa sebuleni tangu alasiri, mikono mapajani. Taratibu alitafuta neno la kusema, akalikuta moja tu, jina la binti yao, ambalo halikuwa limetamkwa ndani ya nyumba ile tangu mazishi. Akafungua mdomo, akaufunga.

"Sema tu," mkewe akamwambia, bila kumtazama. "Sasa hatuna mahali pengine pa kuongelea."