Ibara ya Tisa ya Waanika Dagaa

Eufrasia alijifunza kupiga chapa katika ofisi ya parokia, enzi za taipureta, na sista aliyemfundisha alikuwa na sheria moja kwa aya zenye namba: andika namba, weka nukta, gonga nafasi mara tano. Mstari ukiisha, shuka, gonga tena tano. Miaka thelathini baadaye, mbele ya kompyuta ya duka la steshenari pale Ujiji, alikuwa bado anagonga tano zake. Ukimwambia kuna njia nyingine, anakutazama kana kwamba umetaka kumfundisha kusonga ugali. Mazoea yana taabu, na yeye alikuwa nayo tele.

Jumatano asubuhi akaingia Honorata, mwenyekiti wa akina mama waanika dagaa wa Kibirizi. Mkononi alikuwa na katiba ya kikundi, imejaa wino mwekundu.

"Mwakeye, Mama Bariki."

"Mwakeye, Mwenyekiti. Mbona uso umekunjamana?"

"Wameirudisha. Afisa wa usajili anasema ibara za tisa ziko mbili, na ya kumi haipo. Halafu alipoifungua kwenye kompyuta yake, maneno yakatawanyika, mstari huu huku, ule kule."

Eufrasia aliona aibu mpaka masikio yakamwaka. Kosa lilikuwa lake. Mwezi uliopita wanachama walikubaliana kuongeza ibara ya nane: mwanamke aliyejifungua atatunziwa chanja yake ya kuanikia kwa siku arobaini. Aliichomeka, kisha akashuka akibadilisha namba za chini moja moja kwa mkono. Katikati akaja mtu wa fotokopi, na alipoirudia kazi yake akaruka moja.

"Yunisi amejifungua Jumapili," Honorata akasema. "Kwa katiba ya zamani, chanja ikikaa tupu siku saba inapewa mwingine. Na wapo wanaoimezea mate. Muhuri usipopigwa Ijumaa, mtoto wa watu anarudi hana pa kuanika."

"Ijumaa utakuwa nayo."

"Mama, niachie mimi," Luqman, kijana mwenye duka, akadakia. "Dakika kumi tu."

"Nimeivuruga mimi, nitaitengeneza mimi. Nionyeshe mara moja, kisha uondoe mkono wako."

Luqman akamwonyesha. Namba aiachie kompyuta iandike. Juu ya ukurasa kuna rula yenye vipembetatu viwili: cha juu kinaipanga namba, cha chini kinayapanga maneno yote yanayoifuata. Eufrasia akaitikia kwa kichwa na kumfukuza.

Ibara zilikuwa arobaini na moja. Alianza kufuta nafasi zake tano tano, na zilimuuma, maana kila moja aliigonga kwa heshima. Alipoweka namba za kompyuta, zikatokea themanini na moja! Kila mstari mtupu aliokuwa ameuacha ili katiba ipumue nao ulikuwa umepewa namba yake. Akasonya kwa sauti, wateja wawili wakageuka. Luqman alikohoa kwenye kaunta, lakini hakuthubutu kusogea.

Alhamisi alirudi na miwani na ubishi wake. Alifuta mistari mitupu yote, akapekua mpaka akapata mahali pa kuiagiza kompyuta iache nafasi kidogo baada ya kila aya, bila mstari wa bure. Akavuta kipembetatu cha chini. Maneno yakaingia ndani, yakajipanga wima chini ya wenzao. Akakivuta tena, kwa raha tu. Baadhi ya ibara zilizitaja nyingine kwa namba. Hizo zilikuwa tatu, akaziandika kwenye kikaratasi azirekebishe kwa macho yake, maana kompyuta hakuiamini kiasi hicho.

Ijumaa alikwenda mwenyewe na Honorata ofisini, katiba ikiwa ndani ya flashi. Afisa akaifungua kwenye kompyuta yake, akaisoma taratibu, kisha akaweka kalamu chini.

"Imepangika. Ila hamjataja akidi ya mkutano. Iwekeni baada ya ibara ya tano, mlete wiki ijayo."

Honorata akashika meza. Wiki ijayo chanja ingekuwa na mtu mwingine.

"Shikamoo, Baba," akasema Eufrasia, ingawa alimzidi afisa umri kwa mbali. "Nipishe hapo kwenye kiti dakika tano."

Afisa akacheka, akampisha. Eufrasia akaweka kishale mwisho wa ibara ya tano, akagonga kitufe cha kushuka mara moja. Sita mpya ikajitokeza, na namba zote za chini zikasogea zenyewe, kila moja mahali pake, mpaka arobaini na mbili. Akaandika akidi aliyotajiwa na Honorata, akatoa kikaratasi, akarekebisha zile tatu. Ikachapishwa, muhuri ukagongwa.

Jumapili wanawake wawili walikuja kwenye chanja ya Yunisi na ndoo za dagaa. Kipande cha khanga yake kilikuwa bado kimefungwa mguuni mwa chanja. Honorata, aliyekuwa hapo na Eufrasia, akawapa katiba. Mmoja akaisoma kwa kidole ile ibara ya siku arobaini, ambayo sasa ilikuwa ya tisa, akafunua ukurasa wa pili, akarudi wa kwanza, akitafuta ile tisa nyingine waliyokuwa wameisikia.

"Ni hiyo hiyo moja," Eufrasia akamwambia. "Nimehesabu."

Wakabeba ndoo zao.