Bega la Vifungo na Watu Thelathini

Mke wa mwanangu ni fundi cherehani. Akikushonea suruali, hata aliyekukopesha anasita kukudai, anaona umekuwa mheshimiwa. Wateja humwita Vifungo kwa sababu akishona huvibana vifungo midomoni. Siku moja alipiga chafya, vifungo sita vikaruka vikatua kwenye shati la mteja, kila kimoja mahali pake. Mteja akashukuru, akaenda zake. Asiyeamini basi, shati lile bado linavaliwa.

Mwaka jana bega lake la kulia likaganda. Lilianza kwa uzito, yakafuata maumivu, mwisho mkono ukakataa katakata kupita usawa wa kifua. Fundi asiyeinua mkono atapimaje mabega ya watu? Atashushaje majora ya kitambaa rafuni? Akawa anawakalisha wateja kitini ndipo awafikie. Dereva mmoja mrefu kama nguzo ilibidi apige magoti mlangoni, wapita njia wakasimama wakidhani anaomba msamaha. Mmoja akamwambia Vifungo, "Msamehe tu, dada, wanaume ndivyo walivyo."

Tulicheka, lakini hakikuwa kicheko cha moyoni. Daktari wa mifupa alikuwa amempa karatasi yenye picha za mazoezi ya kuinua mikono, akamwambia arudi baada ya wiki kumi. Bega likiwa bado limekaza, watazungumza habari ya upasuaji. Katika maneno yote ya daktari, mkwe wangu alisikia hilo moja la mwisho. Akaacha kulala.

"Mama," akaniambia, "nikipasuliwa, mkono usiporudi je? Nitashona kwa miguu?"

"Mbona kwa miguu ndivyo unavyoshona?" nikamjibu. "Hicho unachokanyaga kutwa ni nini?"

Alicheka kidogo, kisha akageuka akafuta macho.

Ile karatasi aliifuata siku mbili, ya tatu nikaikuta chini ya mkasi. Simlaumu. Kuunyooshea ukuta mikono peke yako chumbani, utafikiri umekamatwa na polisi. Akajaribu ukumbi mmoja wa mazoezi wenye vioo pande zote. Baada ya robo saa alikuwa amesharudi, jasho linamtiririka. "Mle ndani joto, hewa hakuna, halafu nimejiona mara nane, Mama. Wote wanane tumechoka!"

Basi kulikuwa na kinyozi wa mtaani kwetu ambaye, kabla ya kufungua kibanda chake, alikuwa akiwachezesha watu dansi ya mazoezi kwenye uwanja wa nyuma ya soko. Mara tatu kwa wiki, jua likichomoza, spika juu ya kiti cha plastiki. Watu kama thelathini hivi: wauza mboga, waashi, mwalimu mstaafu, na mama mmoja aliyekuja na mfuko wake wa soko na kucheza nao mkononi. Nilimshika mkwe wangu upindo wa nguo, nikamvuta mpaka uwanjani.

Siku ya kwanza ilikuwa vurugu. Kinyozi alisimama akitutazama, nasi tukimfuata kama kioo, maana yeye maisha yake yote ni kioo. Akienda upande wa soko, wote tunaenda upande wa soko. Vifungo peke yake alielekea upande wa barabara. Akamvaa mwashi mmoja mwenye mwili kama ghala.

"Dada, mbona unanijengea ukuta njiani?" mwashi akalalamika.

"Wewe ndiye ukuta!"

Kinyozi akazima muziki. "Fundi, mbona unakwenda kinyume?"

"Sijaenda kinyume. Wewe umeinua mkono wa kushoto, nami nimeinua wa kushoto. Mteja akisimama mbele yangu, kushoto kwake ni kushoto. Nikifanya kama ninyi, si nitamwekea mfuko upande usio wake?"

Uwanja mzima ukaangua kicheko, na Vifungo naye pia. Kinyozi alijikuna kidevu. "Basi hama. Njoo usimame huku kwangu, uwatazame wenzako."

Kweli, huko mbele akawa sawasawa. Lakini lilizuka jingine. Wale thelathini sasa walikuwa wakimfuata yeye. Muziki ukafika pa kuinua mikono, mkono wa Vifungo ukakwama kifuani, na mikono thelathini ikakwama kifuani. Kundi zima limeganda bega! Kunguru waliokuwa wakipita juu walitua chini kutazama.

"Nitawaharibia watu," akaninong'oneza.

"Basi wapandishe," nikamwambia.

Akaupandisha mkono upana wa kidole kimoja zaidi, akikunja uso. Wote wakaupandisha upana wa kidole kimoja. Tangu hapo hakukosa hata siku moja, maana angekosaje wakati watu wanamngoja? Wiki ya tatu mkono ulifika kidevuni, ya sita sikioni. Hewa ile ya asubuhi ilimpa hamu ya kula. Utani wa waashi ukamsahaulisha maumivu, akaja kuyakumbuka akishafika nyumbani. Mimi mwenyewe magoti yangu, yaliyokuwa yakilia mpaka majirani wanafungua mlango, yakanyamaza.

Ila usingizi haukurudi. Kila alfajiri nilimkuta ameketi kitandani akihesabu siku za daktari.

Wiki ya kumi nikamsindikiza hospitali. Daktari akasema, "Inua." Mkono ukapanda mpaka kifuani, ukasimama. Niliona midomo yake imekauka. Kile chumba kilikuwa kidogo, kuta nne na harufu ya dawa, na hofu imejaa humo.

Nikasimama nikaanza kupiga makofi ule mwendo wetu wa uwanjani.

"Bibi, tafadhali," daktari akasema.

"Daktari, inua mkono wako," nikamwambia. "Wewe ukiinua, naye atainua."

Sijui alinionea huruma au aliniogopa, lakini aliinua. Vifungo akamtazama, mabega yakalegea, mkono ukapanda: kidevuni, sikioni, juu kabisa, ukagonga taa. Alishusha pumzi ndefu, karatasi za mezani zikatawanyika sakafuni.

Daktari alilipapasa bega, akalizungusha huku na huku, akaandika mstari mmoja. "Upasuaji wa nini tena? Rudi huko huko uwanjani kwenu."

Tukatoka tukakaa kwenye benchi la nje kungoja kadi yake. Nilipogeuka nimwambie neno, alikuwa amelala fofofo, kichwa begani kwangu, mdomo wazi. Kadi ikaletwa, nikaipokea, nikamwacha alale. Muuguzi mmoja akapita, akasimama, akauliza kwa wasiwasi huyu mgonjwa ana nini.

"Hana kitu," nikamwambia. "Pita polepole."