Wiki Sita Zilizozaa Miezi Kumi na Sita

Saa mbili na robo asubuhi, watu wazima sita wameketi kwenye viti vya plastiki ndani ya chumba kimoja. Wamejifunga mikanda ya kitambaa, wameshika mifuniko ya masufuria kwa mikono miwili, na wananguruma kwa midomo kama injini.

"Mzee anavuka mbele!" anapaza sauti mwanamke aliyesimama mbele yao.

Miguu inakita kwenye vibao vilivyopigiliwa sakafuni. Mguu mmoja unachelewa. Ni wa fundi bomba wa kiti cha nyuma.

"Umeshamgonga," mwalimu anamwambia kwa upole. "Yuko chini, na ana wajukuu tisa. Haya, shuka ukampe pole."

Fundi bomba anajifungua mkanda kweli, anakwenda mbele na kuinamia sakafu tupu. "Pole, mzee wangu." Darasa zima linavunjika mbavu.

Huyu ndiye Mwalimu Breki, mama wa watoto wanne mwenye miaka 51, anayefundisha udereva kwa mwaka wa kumi na tisa sasa. Jina hilo alibandikwa na wanafunzi, kwa sababu ndilo neno wanalolisikia kutwa nzima.

Si kwamba hana gari. Liko nje ya dirisha, jeupe, viti bado vina nailoni ya kiwandani. Ila mwanafunzi haligusi mpaka amalize wiki nzima ya viti.

"Mimba zangu zote zilikwenda miezi tisa tisa," anasema. "Lile nimelibeba miezi kumi na sita. Nimpe mtu ambaye hajui klachi iko wapi?"

Mkasa wenyewe ulianza siku alipokwenda kwenye duka moja la magari mapya kuagiza gari la kufundishia, lenye pedali za ziada upande wa mwalimu. Gari lake la zamani, ambalo mtaa mzima uliliita Kikohozi, alilikabidhi palepale liwe sehemu ya malipo.

Afisa mauzo, mwanamume mtanashati mwenye tai nyekundu, alimpigia hesabu vidoleni. "Wiki sita tu, mama. Zikizidi sana, saba."

Mwezi wa pili aliambiwa meli imechelewa. Mwezi wa nne meli ilikuwa imefika, lakini gari halimo. Mwezi wa tano ikaelezwa kwamba limo, ila kiwandani wamesahau pedali za pili. Mwezi wa saba alipigiwa simu kwa shangwe aende upesi.

"Nikavaa gauni la kutokea," anakumbuka. "Nafika, naletewa kasha. Ndani mna pedali. Gari halipo! Yule bwana ananiambia, 'Zishike kidogo, mama, upate moyo.' Nami nikazishika. Ningefanyaje?"

Kila alipouliza siku yenyewe hasa, jibu lilikuwa wiki ijayo. Basi afisa mauzo naye akapata jina: Bwana Wiki Ijayo.

Wakati huo wote shule haikuwa na gari, na shule ya udereva isiyo na gari ni kama kinyozi asiye na wembe. Wanafunzi walipungua kutoka 23 hadi sita. Mwezi wa tatu ndipo alipobuni darasa la viti, ili wale sita wasikae bure. Mumewe, fundi cherehani, alimshonea mikanda kutokana na vipande vya suti. Mifuniko ilitoka jikoni.

"Nyumbani chakula kikawa kinapoa kabla hatujanawa," mume analalamika huku akicheka. "Ukiuliza mfuniko uko wapi, unaambiwa umekwenda kazini."

Lakini kicheko hakikuwapo siku zote. Kuna Jumatatu moja, mwezi wa sita, alifungua chumba, akapanga viti, akangoja. Hakuja mtu. Saa nne ikapita, saa tano ikapita. Akajikalia kwenye kiti cha mbele, akajifunika uso kwa kanga, akalia.

Mumewe alikuwa amepita kumletea chai. Mwanamume huyo aliogopa magari tangu utoto. Hata akipewa lifti hukaa nyuma na kufumba macho. Aliweka chupa ya chai chini, akakaa kiti cha pili, akajifunga mkanda alioushona mwenyewe.

"Mwalimu," alisema, "nifundishe na mimi."

"Wewe?"

"Kwani mimi sina miguu?"

Wakaanza. Majirani walipochungulia dirishani na kumwona fundi cherehani anaendesha kiti, anatoka jasho, anapiga honi kwa mdomo, habari ikasambaa kama moto wa nyasi. Kesho yake walikuja watu wanne kutazama. Watatu wakajiandikisha.

Mwezi wa nane mwalimu aliazima gari la kaka yake kwa siku tatu, akawapitisha barabarani watu sita, akawapeleka kwenye mtihani wa leseni. Watano wa kwanza walifaulu. Wa mwisho kuingia garini alikuwa mumewe.

"Alianza vizuri," anasema. "Mara mtahini akaamuru asimame pembeni. Akatega sikio, akauliza, 'Hili gari lina tatizo gani? Mbona linanguruma hivi?' Baba watoto akamjibu, 'Samahani, afande, ni mimi.'"

Alifaulu pia. Mtahini aliandika alama huku akijifuta machozi ya kicheko.

Mwezi wa kumi ndipo uvumilivu ulipofika ukingoni. Gari lilikuwa limefika kweli, na pedali zake zote, lakini kwa makosa ya karatasi likauzwa kwa mteja mwingine.

"Wahenga walisema chelewa chelewa utamkuta mwana si wako," anasema Mwalimu Breki. "Mimi nimechelewesha nani? Mwana mwenyewe ndiye aliyecheleweshwa, na bado nikamkuta si wangu!"

Hakugombana. Siku iliyofuata, baada ya darasa la asubuhi, alifika dukani na mto wake wa kukalia, akaketi karibu na mlango. Kesho yake vilevile. Dada wa mapokezi akawa anamwekea kikombe chake pembeni. Mlinzi akawa anamuuliza hali ya nyumbani.

Wateja nao wakamdhania ni mfanyakazi. Wakiuliza bei, aliwaelekeza. Wakiuliza gari litafika lini, aliwaambia ukweli.

"Kama lako mwenyewe, usiagize," alimwambia bwana mmoja aliyekuja na mkewe. "Kama la mjukuu, agiza leo."

Bwana yule na mkewe walitazamana, wakatoka. Hadi wiki ya tatu walikuwa wameondoka wateja kumi na moja. Meneja, aliyekuwa hajawahi kumpa hata dakika tano, alishuka ngazi mwenyewe.

"Mama, tafadhali, uje ukae ofisini kwangu. Kuna feni."

"Hapana, baba. Hapa ninaona watu."

Jioni ile ile meneja alimwazima gari mojawapo la duka afundishie bila malipo, na barua ikapelekwa kiwandani. Hata kwa barua hiyo, gari lake lilichukua miezi mitano mingine kufika. Siku ya makabidhiano wafanyakazi wote walipiga makofi, na Bwana Wiki Ijayo alimkabidhi ufunguo kwa mikono miwili.

Leo ana wanafunzi 31, na orodha ya wanaongoja nafasi. Anataka shule iwe na magari mawili, la pili liwe la mumewe, ambaye ameanza kusomea ualimu wa udereva. Anafikiria kuliagiza lini?

"Nimeshaliagiza. Siku ile ile nilipochukua hili. Wameniambia wiki sita."

Na mumewe, yuko tayari kufundisha?

Mwalimu Breki anamtazama kupitia dirishani, akiwa kwenye cherehani yake ng'ambo ya barabara.

"Kwenda mbele anajua sana," anasema. "Kurudi nyuma bado ananisumbua. Lakini muda tunao."