Msumari wa Mjusi

Wiki iliyopita nilirudi shule niliyosomea msingi, kufuata cheti changu ambacho sikuwahi kukichukua. Sasa niko kidato cha tatu, msichana mzima, ila nilipoingia ofisi ya mwalimu wa nidhamu miguu ilishika adabu yenyewe na shikamoo ikatoka kabla sijaiita. Yeye akawa anapekua mafaili, mie nikawa naipekua meza yake kwa macho. Palikuwa na ufunguo wa pikipiki. Na kwenye ufunguo ananing'inia Mjusi.

Mjusi wangu, nakwambia. Nilimjua kwa kucha. Nilimpaka rangi nyekundu ya dada, mkono mmoja tu, maana kabla sijafika wa pili dada alinifuma.

Ngoja nianzie nyuma, usije ukadhani moyo ulinienda mbio kwa ajili ya plastiki.

Nilikuwa darasa la tano. Sie tunakaa Keko, kwenye mafundi seremala, ambako asubuhi unaamshwa na randa na chai inanukia vanishi kidogo. Pembeni ya karakana palikuwa na duka la mzee wa Kiarabu tuliyemwita Ami. Pale mlangoni alitundikaga pakiti nyeusi, na ndani ya kila moja kuna shujaa mmoja mdogo wa kuning'iniza kwenye funguo. Huoni nani yumo mpaka uchane. Nyuma ya pakiti walichorwa wote kumi na wawili, na maandishi ya Kichina ambayo hata Ami hakuyajua, kwa hiyo majina tuliwapa wenyewe. Kulikuwa na Mama Radi, Kifua Sufuria, Mzee wa Mabawa. Na Mjusi, wa kijani, mwenye sura ya mtu aliyedhulumiwa.

Mimi na wenzangu wawili tulikuwa tunashinda njaa mapumziko ili pesa ya mihogo iende kwa Ami. Muuza mihogo anakaanga, chachandu inanukia mpaka machozi, na sie tumekaa upande wa pili tunajifanya tumefunga.

Ami alikuwa na sheria moja: ukibinya, umenunua. Maana ukibinya vizuri unaweza kusikia bawa, au pembe. Basi mmoja wetu anaagiza sindano ya cherehani, ambayo iko rafu ya juu kabisa, Ami anapanda stuli, na wawili waliobaki wanabinya kama wanachagua maembe.

"Leo tena sindano?" Ami akauliza siku moja, bado yuko juu, hajageuka. "Kwenu mnashona nini, turubai la meli?"

"Bibi anapotezaga, Ami."

"Mwambie bibi yako amebinya tatu. Achague moja alipe."

Ndiyo siku nilipompata Mjusi.

Fundi jirani alinipa kipande cha mninga, akakipiga msasa, akanigongea misumari kumi na miwili. Bibi alikiangalia kikiwa ukutani, akasema, "Ubao mzuri namna hii, mtoto, unawatundikia mashetani." Lakini nilimwona akiwafuta vumbi. Nilifikisha kumi na mmoja, Mjusi akiwa msumari wa sita. Alibaki Mama Radi peke yake.

Kosa langu ni kuwapeleka shule wote siku moja, kuringia. Asubuhi tukiwa paredi tukaambiwa turuke kichura, na begi langu likalia kama gari la ng'ombe. Mwalimu wa nidhamu akaja, akafungua zipu, akawatoa mmoja mmoja mbele ya shule nzima. Wenzangu wawili nao wakakaguliwa, wakakutwa na wa kwao.

Masharti yake yalikuwa mepesi. Ijumaa, paredi, kila mmoja atasimama aseme, "Vitu hivi ni ujinga na nimeacha." Ukisema, unarudishiwa.

Wenzangu walisema. Siwalaumu, walisema haraka kama watu wanaomeza kidonge, wakapewa vyao. Nyumbani bibi alikuwa ameshaniambia, "Si neno tu hilo? Litamke, uchukue vitu vyako." Na mie nilitaka kulitamka, wallahi, nililala nalo mdomoni. Ila nilipofika mbele nikaikumbuka mihogo yote nisiyoila, na Ami juu ya stuli, na fundi anapuliza vumbi la msasa. Ujinga uko wapi hapo?

Nikasema, "Nimejifunza kwamba ukiwa nao kumi na mmoja, usiruke kichura."

Shule ilicheka mpaka mpishi wa uji akatoka nje. Mie nikafagia uwanja wiki mbili, na majamaa wangu sikuwaona tena.

Mpaka wiki iliyopita. Mwalimu aliinua kichwa, akafuata macho yangu hadi kwenye ufunguo. Akakohoa.

"Wengine walipotea ofisi ilipohamishwa," akasema. "Huyu alibaki." Akaanza kumchomoa kwenye pete. "Haya, mchukue. Sema tu ulikuwa utoto, yaishe."

Masharti yaleyale, rafiki yangu. Mjusi yuko nusu mkononi kwangu, ananiangalia na ile sura yake ya kudhulumiwa.

"Mwalimu," nikamwambia kwa adabu zangu zote, "kama ni utoto, mbona na wewe unaye?"

 Akacheka kwa pua, akamrudisha kwenye pete, akanipa cheti.

Nilipita njia ya duka. Ami alishafariki, pale sasa wanauza mitungi ya gesi. Pakiti nyeusi sijaziona popote miaka, na wenzangu wale hata hawakumbuki waliwatupa wapi wa kwao. Ubao wa mninga bado uko ukutani kwetu, na kila mtu anautamani: dada anatundika mkoba, bibi chujio la nazi. Mie nashusha. Wakiuliza huu msumari wa sita una nini, si mtupu, nawaambia una mwenyewe. Yuko kazini, anaendesha pikipiki.