Mirija Iliyokataa Kukauka

Kabla ya mirija, mume wangu alikuwa fundi mitambo katika kiwanda cha chai, na mimi nilikuwa na duka dogo la vifungashio mjini, Makandana. Niliuza mifuko ya karatasi, maboksi ya keki, vikombe vya kutupa. Mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku, wateja wakaanza kuulizia na mirija ya karatasi, hii ambayo mtaani tunaiita stro. Nikaagiza Dar es Salaam. Ilikuja imenyooka kama penseli, na mama mmoja mwenye mgahawa wa juisi jirani na hospitali akanirudishia boksi zima.

"Wateja wangu wanataka inayopinda," alisema. "Hii inamchoma mtu puani."

Jioni nilimsimulia mume wangu tukiwa tunakula, kama mtu anavyosimulia mambo ya siku. Akaacha kula. Akachukua mrija akaukunja, ukavunjika shingoni na tundu likaziba. Akachukua mwingine. Hadi naondoa sahani, meza ilikuwa imejaa mirija iliyovunjika.

Ilimchukua muda mrefu kuipata ile shingo. Bomba lenyewe halikumsumbua. Unachukua tepe nyembamba za karatasi, unazipaka gundi isiyodhuru chakula, unazizungusha kwenye chuma cha mviringo moja juu ya nyingine, halafu unakata. Shingo ndiyo ilimkondesha. Inahitaji makunyanzi, mistari midogo inayouzunguka mrija, ili ukiupinda upande mmoja ujikunje na mwingine ufunguke. Plastiki hukubali kubanwa. Karatasi ina masharti yake. Ikiwa kavu mno inapasuka, na ikiwa na unyevu kidogo tu wa ziada makunyanzi yanalegea, mrija unarudi kunyooka. Alichonga chuma chenye vijifereji, akachonga na taya ya kuubana mrija juu ya chuma hicho huku ukizunguka. Alikichonga kwa tupa, akakitupa, akachonga kingine. Siku mrija ulipopinda bila kupasuka aliuweka kwenye glasi ya maji, akakaa kuniangalia nikinywa mpaka glasi ikaisha.

Mjini hatukupata chumba chenye nafasi ya mashine na chanja za kuanikia. Mama mkwe alikuwa anaishi peke yake Kisondela, nyumba imekaa chini ya mteremko wa migomba na miparachichi, na umeme ulikuwa umeshafika. Nyuma ya nyumba palikuwa na kiwanja chembamba. Ili karakana ienee, ilibidi mume wangu aukate mlima.

Huko juu, katikati ya migomba, lilikuwepo kaburi la baba yake, limejengewa kwa saruji.

Mama mkwe alikuja kusimama pale alipokuwa anachimba. Kiswahili alijifunzia sokoni, utu uzima, na "sh" zilikuwa hazimkai mdomoni.

"Unachimba chini ya baba yako," alisema. "Asije akasuka."

Alikuwa anasema kushuka. Mume wangu alimwelewa vizuri sana, maana aliacha jembe.

"Hawezi, mama. Yuko mbali kule. Halafu najenga ukuta."

"Ndaga," mama alisema. Ni asante, lakini aliitoa kama mtu anayefunga mlango. Akarudi jikoni kwake.

Ukuta ukajengwa kwa matofali ya kuchoma, umeegemea ule udongo mwekundu uliokatwa wima. Tukapaka plasta, tukaweka bati, tukaajiri wanawake wawili wa jirani. Mmoja alikuwa mjane wa makamo, mwingine msichana aliyekuwa amemaliza kidato cha nne. Mjane alianika na kupanga, msichana alikaa kwenye mashine ya shingo pamoja na mume wangu. Kiangazi chote mambo yalikwenda. Mirija ilikauka vizuri kwenye chanja zilizopangwa kando ya ule ukuta wa nyuma, na mimi niliipeleka mjini kwa bodaboda, nimekumbatia maboksi. Mama wa juisi alichukua, nyumba za wageni zikachukua.

Mvua zilipoanza tulizitegemea. Aliyezaliwa Rungwe hashangai mvua. Tuliweka jiko la mkaa katikati ya karakana na kuacha mlango wazi mchana.

Mirija ikaanza kuharibika. Ilitoka kwenye mashine na shingo nzuri, tukaianika, na asubuhi ya pili makunyanzi yalikuwa yamelala. Ukipinda mrija unanyanyuka taratibu wenyewe, kama mtu anayeamka. Mume wangu alilaumu gundi. Tukabadilisha gundi. Akalaumu karatasi, tukaagiza karatasi nyingine, na hiyo nayo ikafanya vilevile. Ikaingia ukungu, madoa ya kijani mdomoni mwa mirija, na ilibidi tuchome mzigo mzima nyuma ya choo. Moshi wake ulikuwa unanuka unga ulioungua.

Mjane ndiye aliyekuwa wa kwanza kusema kitu kuhusu ukuta, na wala hakukisema kama jambo kubwa.

"Chanja za mbele zinakauka," aliniambia. "Za nyuma ndizo zinakataa."

Nilikwenda nikaweka kiganja ukutani. Plasta ilikuwa baridi na ya utelezi. Nilipoondoa mkono, alama ya vidole vyangu ilibaki pale, kisha maji yakaijaza. Chini, sakafu ilipokutana na ukuta, palikuwa na ufito mwembamba wa tope jekundu. Tulikuwa tumelifuta asubuhi ileile.

Nilimwita mume wangu. Alichuchumaa, akaligusa tope, akalinusa.

"Ni maji ya mvua tu, yanatafuta njia," alisema. "Nitatoboa matundu yapite."

Akatoboa. Siku za mwanzo yalitoka maji safi. Baadaye yakawa mekundu, halafu yakaacha kutoka kabisa, ingawa mvua haikuwa imepungua. Mume wangu alifurahi. Mimi sikujua kwa nini kule kukauka kwa matundu kulinitia hofu kuliko maji yenyewe. Nilikuwa nasimama mbele ya matundu hayo nikifikiri, sasa maji yanakwenda wapi?

Mlango ulianza kukwama. Mume wangu aliuranda ubao wa chini ukafunga, na wiki iliyofuata ukakwama tena, sehemu nyingine. Halafu ikaja habari ya meza. Msichana alikuwa na kawaida ya kuweka mrija mbele yake mezani kabla ya kuuvalisha kwenye chuma. Siku moja nikaona anauweka na kuuzuia kwa kidole.

"Kwa nini unaushika?" nilimuuliza.

"Siku hizi inabingirika."

Aliachia kidole. Mrija ulianza polepole, ukabingirika meza nzima kuelekea mlangoni, ukaanguka. Tuliweka kipande cha ubao chini ya miguu ya meza mpaka mrija ukatulia. Siku chache baadaye ulikuwa unabingirika tena. Mume wangu aliongeza ubao mwingine. Nilimwambia siyo meza, ni sakafu.

"Najua ni sakafu," alisema, bila kuniangalia. "Masika yakiisha nitaivunja niijenge upya, na ukuta nitauweka wa mawe. Sasa hivi tukisimama, wateja watakwenda kwingine."

Alikuwa ameacha kazi ya kiwandani kwa ajili ya shingo ile. Nilimwelewa, na nadhani ndiyo maana sikupiga kelele.

Mama mkwe alikuwa haingii karakana. Asubuhi moja alinishika mkono akanipandisha kwenye migomba. Alitembea mbele, akinyanyua majani kwa fimbo, mpaka kaburini. Migomba ya upande wa chini ilikuwa imeinama yote kwa pamoja, kuelekea bati letu. Kando ya zege la kaburi, udongo ulikuwa umeachana, ufa unaotosha kuingiza mkono, na umepita moja kwa moja kuelekea shamba la jirani.

"Jana ulikuwa mdogo," alisema.

Tuliteremka. Nilimwambia mjane na msichana waende nyumbani, wasirudi mpaka tutakapowaita. Mjane alivua aproni, akamshika msichana mkono wakaondoka. Mume wangu alikuwa na oda ya harusi. Alibaki anazungusha mirija mwenyewe, na mimi nikabaki naye kwa sababu sikuweza kumwacha. Nilimweleza kuhusu ufa. Aliitikia kwa kichwa. Mota ilikuwa inanguruma, tulilazimika kupandisha sauti ili kusikilizana.

"Tutoke," nilisema.

"Namalizia hii."

"Unamalizia nini? Mirija yote itanyooka kesho."

Hapo umeme ukakatika.

Kwetu umeme hukatika, si jambo la kushtua. Mota ilipunguza mwendo, ikanyamaza. Ndipo tukasikia kilichokuwa kikiendelea nyuma ya kelele zetu, na sijui kilikuwa kimeanza lini. Ilikuwa sauti ya kitambaa kizito kinachochanwa polepole, ndani ya mlima. Mizizi ya migomba ilikuwa inakatika. Plasta ilianza kudondoka vipande vidogo kwenye chanja, tik, tik, juu ya mirija.

Tulitoka tukikimbia. Tulifika uani, mama mkwe amesimama mlangoni pa jikoni na mwiko wa ugali mkononi, na nilidhani yamekwisha. Mume wangu alinitazama, akatazama mikono yake mitupu, akageuka. Alikuwa amekiacha kile chuma cha vijifereji.

Nilimshika sweta. Lilivutika, likanitoka mkononi.

Alikuwa amefika kizingitini wakati ukuta ulipoingia ndani. Haukuanguka, uliingia, umesukumwa, na udongo ukaja nyuma yake ukijaza chumba kama uji unavyojaza bakuli. Bati lilikunjika. Fremu ya mlango ilizuia uzito usimfunike, lakini boriti ilimpiga begani ikambana hapo, udongo ukamfika kiunoni. Hakupiga kelele. Alikuwa anasema "subiri, subiri," sijui alikuwa anamwambia nani. Majirani walikuja na majembe, wakamtoa kabla mvua haijaanza tena. Kwa bodaboda isingewezekana, akapelekwa hospitali mjini kwa gari la kubebea maparachichi, amelala juu ya magunia, bega limevunjika.

Shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, alitoka Mbeya akakaa naye wodini. Mimi nilirudi kwa mama mkwe kesho yake mchana, kwa sababu alikuwa amekataa kutoka.

Nilimkuta ameweka kigoda uani, ameelekea mlimani. Kipande cha juu kilikuwa kimebaki kimesimama wima, kibichi, mizizi inaning'inia. Ukingoni kabisa lilikuwa zege la baba mkwe, nusu yake iko hewani.

"Mama, twende mjini."

"Nitakwendaje? Anasuka."

"Wazee wa kanisa watakuja wamtoe vizuri."

"Walikuja. Wamesema hapapandiki mpaka pakauke." Alisogea akanipa nafasi kwenye kigoda. "Kaa."

Nikakaa. Kumvuta nisingeweza. Manyunyu yalikuwa yanapita na kuacha. Alikuwa anaongea na marehemu mumewe kule juu kwa Kinyakyusa, kwa sauti ya chini, mambo ya kawaida kabisa. Alimweleza mtoto ameumia bega, amekula kidogo, mbuzi amezaa. Mara mojamoja vijiwe vilianguka kutoka chini ya zege, naye alinyamaza mpaka vitulie, kisha akaendelea.

Zege lilianguka kabla ya jioni. Lilianza kwa kuinama upande mmoja, likateleza na udongo wake, likafika chini bila kishindo nilichokuwa nakingoja, kwa sababu tope lilikuwa laini. Lilisimama pale ilipokuwa mashine. Mama mkwe alinyanyuka, akajifunga kanga vizuri, akaniambia niite majirani, sasa anafikika.

Tulimzika upya upande wa barabara, penye uwanda, mume wangu akiwa amefungwa mkono kifuani. Hakuweza kushika beleshi. Wenzake walipokuwa wanafukia alisimama pembeni akilia kimya, na mama yake akaenda kusimama karibu naye. Hakumlaumu, wala sijawahi kumsikia akimlaumu. Baada ya hapo alikubali kuhamia kwetu Makandana.

Bega lilipona vibaya. Mkono haupandi kupita kifua. Alichonga chuma kingine, kwa shida na kwa muda mrefu, na sasa tunatengeneza mirija kwenye chumba cha kupanga mjini, juu ya barabara, pasipo na mlima nyuma. Mjane alirudi. Msichana alikwenda kuolewa Ikuti. Mirija inapinda vizuri, na watu wananunua. Hata hivyo mume wangu ana tabia ya kunyamaza ghafla akizima mota, amesimama, anasikiliza. Nikimuuliza husema anangoja ipoe.

Ule ufa haukuishia kwetu. Ulipita kwenda kwa jirani, mtu mwenye mke na watoto wadogo, na juu ya nyumba yake mteremko ni mkali kuliko wetu. Kiangazi umezibwa na majani, huuoni mpaka uambiwe. Juzi nilikwenda kukata ndizi nikamkuta amepima kwa kamba nyuma ya nyumba, ameshaanza kukwangua udongo. Anataka kuweka mashine ya kusaga. Nilimpandisha nikamwonyesha ufa, nikaingiza mkono wangu ndani mpaka kwenye kiwiko ili aone.

Alinisikiliza kwa heshima zote. Aliuliza hali ya mume wangu, na ya mama. Akasema ni kweli, ardhi hii ni ya kuangalia, na yeye hatakata sana, atakata kidogo tu.

Kisha akaniuliza kama tuna sururu ya kumwazima.