Chuo Nilichokipigia Hodi

Dada yangu alipoletewa posa mbili, mama hakumuuliza mtu. Alijifunga kanga iliyopauka, akazipitia nyumba zote mbili kama mpita njia, akaomba maji. Kiu hakuwa nayo. Nyumba ya kwanza, ya bati jipya, walimuuliza kwanza yeye nani na katoka wapi. Ya pili walimpa kigoda, akanywa, ndipo wakauliza. Dada yuko hiyo ya pili mpaka leo, ana wajukuu, mmoja mkorofi balaa, lakini hayo tuyaache.

Mimi shule niliishia darasa la nne. Hapa Doha nalinda geti la nyumba za kupanga, Al Thumama. Akili za ukoo alizichukua binti yangu, yuko Tanga na mama yake. Aliomba kusoma chuo kikuu kimoja kikongwe cha Uingereza, fomu ikamtaka achague tena: kumbe ndani ya chuo kikuu hicho mna vyuo vingi vya kale, kila kimoja na ukuta wake, bwalo lake na geti lake, na mwanafunzi anaishi humo. Alibakiza viwili. Fomu inafungwa jioni ile.

"Baba, niamulie," akaniambia kwenye simu. "Picha zote nzuri."

Nikapanda metro mpaka Al Sadd, kwenye mgahawa anapokaa kijana mmoja wa kwetu anayewajazia watu fomu. Nikamtajia vile vyuo viwili.

"Chenye mnara, mzee," akasema, hata macho hakuinua. "Mawaziri wametoka humo."

"Na watu wake wakoje?"

"Mzee wangu, unatafuta chuo au mkwe?"

Meza nzima ikacheka. Nikacheka nao, kisha nikatoa simu. Kiingereza changu cha getini kinanitosha.

Nikapiga simu getini kwa chuo chenye mnara. Nikauliza, binti yangu akifika na mizigo usiku, hana mwenyeji, nani atampokea? Jamaa akataka kujua mimi nani na namba nimeitoa wapi, halafu akaniambia nisome kwenye mtandao.

Nikapiga cha pili. Akapokea mzee ana kikohozi, nikamuuliza lile lile. "Mimi, au mwenzangu wa zamu," akasema. "Chai itakuwepo." Akaniuliza huko niliko joto likoje. Nikamwambia nami ni wa getini.

"Basi unajua," akasema.

Nikampigia binti. "Andika hicho cha pili."

"Una hakika, Baba?"

"Nimeomba maji."

Akaangua kicheko. "Kama Bibi! Haya, naandika."

Kijana akaruka. "Unamharibia mtoto! Walinzi wawili mmechagua chuo kwenye simu? Hebu kaa nikufundishe, mzee."

Chai yangu ilikuwa nusu, ya moto bado. Nikavaa kofia, nikaenda zangu metro. Mgahawa ule sijaukanyaga tena.